Kama ni feza unaifuata, ihesabu yote: kuchagua kazi ya mine Lubumbashi

Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka, kila nyumba ya Lubumbashi inauliza swali moja: mtoto ataingia wapi? Majibu mengi yanatoka kwenye bei. Polytechnique, kwa sababu wahandisi wa mine wanalipwa. Métallurgie, masomo ya kutoa shaba kwenye mawe, kwa sababu jirani amejenga nyumba ya ghorofa Bel-Air. Kuendesha mashine kubwa, kwa sababu masomo ni mafupi na mshahara unakuja kwa dola. Sioni aibu yoyote hapo. Mzazi aliyelipa minervali (karo) kwa kuuza makala ao unga ana haki ya kuuliza feza hiyo itarudi lini, na kijana anayetaka kazi ya kulisha watu wa kwao hana kosa la kujitetea.

Kinachonisumbua ni namna hesabu inavyofanywa. Mtu anashika namba moja tu, mshahara aliousikia kilioni ao ndani ya taxi-bus, na mipango yote inasimama juu ya namba hiyo. Haulizi inalipwa miezi mingapi kwa mwaka. Haulizi ni nani anayelipa, sehemu gani ni mshahara wa msingi, na mwili utaivumilia kazi hiyo miaka mingapi. Ukiamua kufuata feza, ifuate mpaka mwisho: ihesabu kwa miaka kumi ao kumi na tano, pamoja na miezi ambayo haitakuja.

Mji huu ulianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba, na historia yake ni darasa tosha. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilitaifishwa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kazi ya pale ilikuwa kazi ya kuolea: nyumba ya camp, hospitali, shule ya watoto, unga wa posho kila mwezi. Feza ya mkononi ilikuwa sehemu ndogo tu ya mapato hayo. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, ikaporomoka. Mashine zilikuwa zimechoka, vipuri havinunuliwi, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa, madeni ya miezi yakapandana. Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari.

Nyumba, dawa, shule na unga vilikuwa vinatoka mkono mmoja, kwa hiyo mkono ulipofunga, vyote vilikatika pamoja. Lakini watu hawakuanguka sawasawa. Fundi umeme, fundi wa kuchomelea, mtu anayejua kufunga upya waya za mota iliyoungua, huyo alikuwa na kitu cha kuuza kesho yake, hata kwa bei ndogo, ndani ya parcelle (kiwanja) yake, komini ya Katuba ao ya Kenya, hapa Lubumbashi. Aliyetumia miaka yake yote akijaza fomu za sosyete moja hakupata mwingine wa kuzihitaji fomu hizo. Ni tofauti ambayo mshahara wa mwezi haukuionyesha hata siku moja wakati sosyete ilikuwa nzima.

Kobalti nayo imerudia somo hilo kwa haraka zaidi. Mwanzoni mwa 2018 tani moja ilipita dola 90,000 kwenye soko la London. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 30,000. Mwisho wa mwaka huo mgodi wa Mutanda, mmoja wa wakubwa duniani kwa kobalti, ukasimamishwa kwa muda mrefu. Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha kabisa kusafirisha kobalti nje, na Oktoba ikafungua kwa viwango vilivyopimwa. Sasa weka mwanafunzi ndani ya tarehe hizo. Aliyejiandikisha 2018 kwa kufuata bei alimaliza miaka yake mitano 2023, bei ikiwa chini ya nusu ya ile iliyomvuta, na alitoka pamoja na wote waliovutwa na bei hiyohiyo. Bei unayoiona siku ya kujiandikisha haikuhusu. Itakayokuhusu ni ya miaka mitano mbele, na hakuna anayeijua.

Kwa hiyo, kama uko mbele ya orodha ya mafakulte, usiulize madini gani yanalipa. Uliza ni kazi gani inayohitajika na mgodi, kiwanda cha bia, kinu cha unga, saruji na reli kwa pamoja. Jiolojia ni somo zuri na ninaliheshimu, lakini mjiolojia wa utafutaji analipwa na bajeti ya utafutaji, na hiyo ndiyo inayokatwa kwanza bei ikishuka, kwa sababu kuacha kutoboa hakusimamishi uzalishaji wa mwezi huu. Mtu wa métallurgie anakaa zaidi, maana kiwanda kinachozunguka hakiwezi kumkosa: ni yeye anayejua kwa nini asidi imeliwa nyingi kuliko jana na kwa nini shaba imebaki kwenye matope. Kiwanda kikisimama, naye anasimama. Électromécanique, ufundi wa umeme na mashine, ndiyo yenye milango mingi. Pampu ni pampu, iwe inasukuma asidi Likasi ao maji ya kunywa Lubumbashi. Mkemia wa laboratoire anayejua kupima sampuli vizuri naye ana nafasi nje ya mine, kwenye vyakula, maji na forodha, ingawa watu wengi hawamfikirii.

Hesabu miaka pia. Kwa mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), licence ni miaka mitatu na master miwili, na gharama haziishii kwenye minervali: kuna usafiri wa kila siku mpaka Kasapa, kampasi ya chuo kikuu, silabusi, kompyuta, na staji (mafunzo ndani ya kazi) ambayo mara nyingi hailipwi na iko mbali, Fungurume ao Kolwezi, kwa hiyo lazima ulale na ule huko. Wengi wanatafuta staji mwaka wa mwisho tu. Kosa. Staji ndiyo mlango wenyewe wa kazi, na watu wa kiwanda wanamkumbuka aliyekuja mapema akaandika vizuri kila alichokiona. Lugha nayo ina bei yake: migodi mingi iko mikononi mwa sosyete za China, na fundi anayeweza kusoma maelezo ya mashine kwa Kichina ao kwa Kiingereza anaitwa kabla ya wenzake.

Lakini siyo lazima upite chuo kikuu ili upate feza, na hapa ningependa wazazi wasikilize vizuri. Ufundi wa mikono unadharauliwa, halafu sosyete zinauleta kutoka nchi za nje kwa gharama kubwa. Chukua kuunganisha zile tiyo (mabomba) nyeusi za plastiki ngumu, za HDPE. Shaba ya siku hizi inayeyushwa kwa asidi ya salfa kabla ya kuvutwa kwa umeme na kuwa bamba, na asidi hiyo inasafiri ndani ya tiyo hizo kwa kilomita nyingi. Kiungo kinafanywa hivi. Ncha mbili zinafungwa kwenye mashine na kusafishwa. Kisu cha mashine kinazichonga mpaka utepe wa plastiki utoke mzima bila kukatika, ishara kwamba uso umenyooka. Unazikutanisha uone kama zimelingana. Ukingo mmoja ukipanda juu ya mwenzake kupita sehemu moja ya kumi ya unene wa tiyo, unafunga upya. Sahani ya moto, karibu nyuzi 220, inawekwa katikati na ncha zinasukumwa juu yake mpaka kingo ya plastiki laini itokeze kuzunguka tiyo yote. Hapo unapunguza nguvu karibu mpaka sifuri, uache joto liingie ndani. Kisha sahani inatoka, ncha zinakutana ndani ya sekunde chache, na nguvu inashikiliwa mpaka kiungo kipoe chenyewe.

Kinachoharibika kinajulikana. Kidole chenye mafuta kimegusa ncha baada ya kusafisha. Upepo wa msimu wa ukavu umepoza upande mmoja kwa sababu hakuna aliyeweka turubai. Sahani imechelewa kutoka. Msimamizi ana haraka, anamwaga maji ili kiungo kipoe, ao anafungua vibano kabla ya wakati. Kwa nje kiungo kinapendeza, kwa ndani hakikushikana, na siku pampu inawashwa asidi inaruka. Anayejua kwa nini kila hatua ipo, na anayeandika joto na dakika za kila kiungo kwenye daftari, ana ufundi wa kuuza mgodini, kwa Regideso, sosyete ya maji ya serikali, na kwa wajenzi. Hivyohivyo fundi wa kuchomelea chuma kisicholiwa na asidi: kuchomelea chuma cha dirisha hakumpi kazi hiyo, mpaka afaulu jaribio la tiyo iliyoinamishwa na kiungo chake kipite kwenye picha za eksirei. Kwa anayetaka umeme, jambo moja dogo: apimwe macho kwa rangi kabla ya kulipa masomo. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani atakataliwa kwenye uchunguzi wa kuingia kazini, baada ya mzazi kumaliza akiba.

Shule za kuendesha mashine zinahitaji tahadhari ya pekee. Nyingine ni nzuri. Nyingine zinauza karatasi. Swali la kuuliza kabla ya kutoa hata dola moja ni hili: kila mwanafunzi atashika mashine saa ngapi, na mashine gani? Wanafunzi kumi na watano kwenye chargeuse (mashine ya kupakia) moja kwa miezi miwili, mashine ikilala nusu ya muda kwa kukosa mazutu (dizeli), kila mmoja anaweza kutoka na saa zisizofika kumi. Mwenye kuajiri anamweka mtu juu ya mashine dakika ishirini na anaona mara moja. Tena ukiambiwa simulateur, uliza kama ni nyongeza ao ndiyo masomo yote. Dereva aliyejifunza kwenye benne (lori la kumwaga mzigo) ndogo ya barabarani bado hajawa dereva wa benne ya mgodi inayobeba tani 90, yenye sehemu kubwa isiyoonekana upande wa kulia.

Sasa kontra, mkataba wa kazi, mahali ambapo feza nyingi inapotelea. Ndani ya mgodi mmoja kofia zinafanana na basi la alfajiri ni moja, lakini waliokaa kiti kimoja wanaweza kuwa na waajiri tofauti: mwenye mgodi, sosyete iliyopewa kazi ya kuchimba, sutretansi (sosyete inayochukua sehemu ya kazi hiyo) iliyo chini yake, na chini kabisa sosyete ya kukodisha wafanyakazi. Sheria ya 2017 imetenga sutretansi kwa sosyete zenye mtaji ulio zaidi mikononi mwa Wakongomani, na hilo limefungua nafasi nyingi. Hata hivyo kila ngazi inakula kidogo kabla ya feza kukufikia. Usisome jina lililo mgongoni mwa kombinezo. Soma jina lililo kwenye kontra.

Code du Travail, sheria ya kazi ya 2002, inakulinda kuliko unavyodhani. Kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Kontra ya muda maalumu haiwezi kupita miaka miwili. Kipindi cha majaribio hakipiti mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi sita kwa wengine. Kibarua wa siku kwa siku aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Ndiyo maana wengine wanarudishwa nyumbani siku ya 21. Ukiona jambo hilo linatokea kwa mpango, ujue sosyete inasoma sheria vizuri kuliko wewe.

Tupige hesabu kwa mfano, namba ni za kuonyesha tu. Unaitwa Kolwezi kwa dola 900: msingi 500, primi 200, nyumba 150, usafiri 50. Sheria haihesabu nyumba na usafiri kuwa mshahara, kwa hiyo CNSS, mfuko wa taifa wa pensheni na ajali za kazi, inakata 5% kwenye 700, yaani 35, na mwajiri anaongeza 13% upande wake. Pensheni yako itafuata 700, siyo 900, na nyongeza ya mwaka mara nyingi inahesabiwa kwenye 500. Kodi bado haijatoka. Sasa miezi: kontra ya mwaka mmoja, kungoja, kontra nyingine ya miezi kumi, kungoja tena. Ndani ya miaka mitatu umelipwa miezi 22. Mara 900, ni dola 19,800. Fundi umeme anayelipwa 550 kila mwezi kwenye kiwanda cha mjini, kwa miezi 36, anapata 19,800 hiyohiyo. Yeye analala kwake na kula bukari ya nyumbani. Wewe umelipa chumba Kolwezi, kilomita 300 kutoka kwa mke na watoto. 150 ya nyumba inaishia hapo, 3,300 kwa miezi 22, na umebaki na 16,500.

Upande wa pili lazima usemwe pia, la sivyo hesabu yangu ingekuwa ya uongo. Dola 900 hizohizo, kwa kontra isiyo na mwisho, moja kwa moja na mwenye mgodi, ni 32,400 kwa miaka mitatu, pamoja na matibabu ya familia. Mjini hakuna kazi nyingi za fundi zinazofikia hapo. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama kazi ya mine inalipa, mwulize kwanza kontra ya namna gani.

Mwili nao uingie kwenye hesabu. Zamu za saa kumi na mbili, wiki moja mchana na wiki moja usiku, ni za kawaida, wakati sheria inataja saa 45 kwa wiki. Zinazozidi lazima zionekane kwenye karatasi ya malipo. Dereva wa benne anaharibu mgongo kwa mitetemo. Anayefanya karibu na mashine ya kusaga mawe anapoteza masikio polepole, kwanza sauti nyembamba, ndiyo maana hajui mpaka watoto wake waanze kulalamika. Kwenye ukumbi wa kuvuta shaba kwa umeme kuna mvuke wa asidi unaokula meno na koo. Kwenye kuponda mawe kuna vumbi la silika, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hayaponi. Siku ya uchunguzi wa kuingia kazini, omba nakala ya kipimo cha masikio na cha mapafu, uiweke nyumbani. Miaka minane baadaye, bila karatasi ya mwanzo, ni vigumu kuthibitisha kwamba ugonjwa ulianzia kazini, na CNSS inaweza kukataa kukulipa kama ugonjwa wa kazi.

Kuhusu feza ikishafika mkononi nitasema kidogo. Mtu wa mine anahesabiwa na ukoo mzima kuwa tajiri tangu mwezi wa kwanza. Afadhali utangaze mapema kiasi utakachosaidia kila mwezi na ubaki hapo, kuliko kutoa kila anayepiga simu. Likelemba, mchango wa kupokezana, ya wenzako wa kazi inafaa kwa vitu vidogo, lakini wote mkipoteza kazi siku moja, nayo imekufa. Banque Lambert, mikopo ya watu wa mtaani, ukae mbali nayo, maana riba yake inahesabiwa kwa mwezi. Parcelle isiyo na certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) bado haijawa mali yako, hata kama umeshajenga ukuta.

Halafu wale wasioipenda kazi yenyewe. Sidhani lazima uipende. Lazima uweze kuivumilia bila kuwa hatari kwa wenzako. Asiyeweza kukesha usiku, anayechukia kuandika taarifa za kazi, anayekasirishwa na kufuata hatua kumi kabla ya kugusa kifaa kimoja, huyo ataumia ao ataumiza mtu, na mshahara hautambadilisha. Staji ya miezi miwili inatosha kulijua hilo. Mwalimu ao muuguzi anayetaka kuacha kazi yake aende mgodini kama kibarua, ninamwelewa kabisa, lakini aangalie kwanza shule na hospitali za sosyete zenyewe: pale ufundi alio nao unalipwa, wakati kwenye kibarua anaanza sifuri.

Kabla ya kusaini, basi, uwe na majibu manne: mwajiri ni nani, kontra ni ya muda gani, msingi ni kiasi gani, na namba yako ya CNSS itaandikishwa lini. Miezi mitatu baadaye nenda CNSS mwenyewe uone kama makato yamefika, kwa sababu kuna waajiri wanaokata bila kupeleka. Mambo yakiharibika, unapita kwanza kwa Inspection du Travail (wakaguzi wa kazi) kwa mapatano, ndipo Tribunal du Travail (mahakama ya kazi). Na dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja. Wengi wanaambiwa "subira, feza iko njiani" mpaka mwaka upite. Karatasi za malipo zikae Lubumbashi, na mwezi wa pili bila mshahara usiishe kabla hujaandika barua ya kwanza, nakala yake ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea.